Mimi ndiye yule maskini aliyepata. Niulizeni

#1 Kinywe Mweusi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Humu mimi ni msomaji tu, kuandika si kawaida yangu. Jana nimepita kwenye uzi wa kijana anayelia kwamba kaka yake tangu apate hela hapokei simu. Wachangiaji wote wanamshambulia huyo kaka, na kila baada ya komenti tatu mtu anaandika "maskini akipata, matako hulia mbwata". Nikajiona nimesimamishwa kizimbani. Huyo kaka simjui, ila kwetu huyo kaka ni mimi.

Niliingia Mererani, kwenye machimbo ya tanzanite, 2005, nina miaka 21, natokea milimani Same. Ukuta wa kuzunguka machimbo ulikuwa bado haujajengwa, unaingia machimboni kwa miguu yako. Kwa msiojua maisha ya wanaapolo, yaani sisi wachimbaji: mshahara hakuna. Bosi analeta unga, maharage, baruti na mafuta ya kompresa, nyinyi mnaleta migongo. Mgodi ukitema, yaani ukitoa mawe, mnagawana. Usipotema mnaendelea kula ugali. Unazama asubuhi, unatoka jioni umepakaa vumbi la kinywe, yale madini meusi ya penseli, mwili mzima, unang'aa kama mtu aliyechorwa kwa penseli. Kinywe haitoki kwa sabuni ya mche. Inabaki kwenye mikunjo ya vidole, ukishika noti inaacha alama.

Nilikaa miaka saba bila kupata kitu cha maana, na hapa naomba msome taratibu. Miaka ile nilijua watu. Mama ntilie aliyekuwa ananikopesha chapati nilimjua kuliko ninavyomjua shemeji yangu leo. Nilijua mtoto wake wa pili ana kifafa. Nilijua akipuliza moto bila kuimba, usiku nyumbani hakukulalika, siku hiyo usimkope, utaondoka na njaa na maneno juu. Mwenye duka nilijua siku anayofunga hesabu. Wenzangu wa shimoni nilijua kila mmoja anakohoa vipi, maana chini kule mtu akinyamaza ghafla inabidi ujue ni nani. Machi 2008 maji yalipoingia migodini na kuua watu, tuliokuwa juu tuliwahesabu waliokosekana kwa majina ya utani. Hakuna aliyehitaji daftari.

Nilidhani ule ni upendo. Inawezekana ulikuwemo. Ila sehemu kubwa ilikuwa shida. Nilikuwa nawahitaji, ndiyo maana niliwasoma.

2012 mgodi ukatema. Mgao wangu milioni 64.

Nikaenda benki Arusha. Benki hiyo hiyo mwezi mmoja nyuma nilipanga foleni mpaka mchana, mlinzi akaniambia nisiegemee ukuta nitauchafua. Safari hii nikapitishwa chumba cha ndani chenye kiyoyozi, nikaletewa soda ya baridi, dada wa dirishani akaniita "kaka yangu". Vidole vilikuwa vile vile, na kinywe yake.

Desemba nikapanda nyumbani. Mzee mmoja wa rika la marehemu baba, aliyewahi kunichapa kwa kuiba miwa shambani kwake, akanikuta njiani akavua kofia. "Shikamoo bosi." Wakuu, mtu wa miaka sitini na kitu! Moyo ulinilipuka. Kisha mdomo wangu wenyewe ukaitika: "Marahaba." Alikuwa ananitania? Mpaka leo sijui. Ninachojua, mara ya pili, kwa mzee mwingine, sikushtuka.

Zamani simu ikiita nilijiuliza nani huyo. Miezi sita baadaye nikawa najiuliza shilingi ngapi hiyo. Nikaanza kuandika watu kwenye simu kwa shida zao: Ada, Hospitali, Pikipiki. Binamu yangu wa damu, aliyewahi kuniomba mabati 20, kwenye simu yangu aliitwa Bati mpaka 2016. Siku moja nimekutana naye stendi ya Same nikashindwa kumtambulisha kwa mke wangu, jina lilikuwa limenitoka kabisa.

Kwetu tuna ndiva, lile bwawa la wazee la kukinga maji ya mfereji usiku, asubuhi linafunguliwa watu wamwagilie kwa zamu. Kila mwaka linajaa tope na linapigwa msaragambo, kila kaya inatoa mtu. Asiyetokea analipa faini. Basi nikawa nalipa, tena ya mwaka mzima kwa mpigo, na najiona muungwana. Misibani vivyo hivyo: natuma kwenye simu, yamekwisha. Yule mzee wa shikamoo alipofariki nilituma laki tano. Nikaambiwa imesomwa mbele za watu kuwa ndiyo rambirambi kubwa kuliko zote. Nilifurahi. Mzee amelala sandukuni, mimi niko Arusha kwenye kochi nafurahi.

Mama yangu alifariki 2019. Watu wakanitumia hela.

Sijakosea kuandika. Usiku wa kwanza simu haikutulia, elfu tano, elfu kumi, ishirini, "pole sana bosi". Turubai nilikodi, viti nilikodi, wapishi nililipa. Asubuhi ya kuchimba kaburi wakaja vijana wanne, mmoja akanivuta pembeni akaniuliza bei. Kwetu kaburi lilikuwa halijawahi kuwa na bei. Sisemi watu hawakuja kuzika, walijaa. Wakala, wakazika, saa kumi na moja uwanja mweupe. Waliolala matangani ni dada zangu wawili na shangazi mmoja.

Niulizeni. Matusi ruksa, nimeshazoea.

#2 Babu Kijiweni

Nimevuta kigoda na kahawa yangu. Wengine jipangeni nyuma.

#3 Mzee wa Fact

Chai hii, uongo mtupu. Mwenye milioni 64 hawezi kuwa humu usiku wa manane anabishana na sisi wa bando la elfu.

#4 Kinywe Mweusi

Mzee wa Fact, zilikuwa 64. Nilijenga nyumba Arusha, nikanunua Fuso, Fuso ikanifundisha adabu. Endelea na chai.

#5 Mama Wawili

Mleta uzi pole kwa mama. Lakini mimi leo naanza na hiyo methali yenu, inaniudhi tangu utotoni. Jiulizeni, nani aliitunga? Maskini hawezi kujitungia hiyo. Imetungwa na aliyekuwa nacho tayari, amekaa barazani anamwona mtoto wa kijakazi wake amevaa kiatu kipya. Mwenye nacho wa tangu na tangu akinyanyasa watu, tunasema ndivyo matajiri walivyo. Aliyepata juzi akikataa kukopesha mara moja, matako yanalia mbwata.

Mimi nilifanya kazi za ndani Dar miaka minne, nyumba tatu. Nyumba mbili zilikuwa za watu wa "familia nzuri", hela ya babu. Pale nilikuwa naliwa na macho. Kikombe changu cha bati kinakaa chini ya sinki, na baba mwenye nyumba kwa miezi kumi na moja aliniita "wewe". Si kwamba alikuwa mkali, hapana. Hakuwa na haja na jina langu. Nyumba ya tatu ilikuwa ya dada mmoja muuza vitenge Kariakoo, kapata juzi tu, anapiga kelele, anajionyesha, dhahabu mpaka kwenye kisigino. Huyo ndiye aliyekaa na mimi sebuleni kunifundisha kupiga hesabu za faida. Mbwata ilimlia, kweli. Mimi leo nina duka kwa sababu yake.

Kwa hiyo tukizungumzia hela na tabia, tusiwasulubu waliopata jana tu.

#6 Kipanya wa Tegeta

Dada #5 umemaliza. Uzi ufungwe.

#7 Mpenda Takwimu

Usifungwe, bado.

Alichoandika mleta uzi kuhusu mama ntilie kuna watu wamekipima. Mwaka 2010 Michael Kraus na wenzake Marekani walichapisha utafiti wakionyesha kwamba watu wa tabaka la chini walikuwa wepesi zaidi kusoma hisia za mwenzao usoni kuliko wa tabaka la juu. Maelezo yao yanafanana na ya ndugu yetu: asiye na kitu maisha yake yameshikwa na watu wengine, kwa hiyo inambidi awaangalie. Mwenye nacho anaweza kuishi bila kuangalia.

Paul Piff naye, kundi hilo hilo la watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, 2012 waliweka watu kwenye kivuko cha waenda kwa miguu California wakahesabu magari. Ya bei mbaya karibu nusu yalimpita mtembea kwa miguu bila kusimama. Ya daraja la chini kabisa, yale chakavu, yalisimama yote.

#8 Dereva Mstaafu

Huyo Piff aje Mwenge ahesabu bodaboda. Atawapa maskini adhabu ya kifo.

#9 Mpenda Takwimu

😂😂 Dereva umeniua. Na kwa haki, mwaka 2015 Wajerumani watatu walichukua takwimu za maelfu ya watu wa Ujerumani, Marekani na kwingineko wakakuta kinyume: wenye uwezo walitoa sadaka na kujitolea zaidi. Kwa hiyo wanasayansi wenyewe bado wanavutana.

Ila kuna jaribio moja la Piff siachi kulikumbuka. Wawili wanacheza Monopoly, wanarusha sarafu, mmoja anapewa hela mara mbili na dadu mbili, mwenzake dadu moja. Mchezo umepindishwa waziwazi, wote wanaona. Dakika chache, mwenye nyingi anaanza kugonga kete kwa nguvu, anajigamba. Mwisho akiulizwa umeshindaje, anaeleza mbinu zake. Ile sarafu haitaji.

#10 Mtu wa Pwani

Asalaam aleikum. Niko Mombasa, huwa nasoma nyuzi zenu natoka kimya, lakini hapo kwa sarafu mumenigusa.

Hilo la Monopoly sisi twalisoma madrasa tangu tungali wadogo. Qaruni, katika Suratul Qasas. Alikuwa mtu wa kaumu ya Nabii Musa, funguo za hazina zake zikiwalemea watu wenye nguvu kuzibeba. Jamaa zake wakamwambia usijivune, wafanyie watu wema kama Mungu alivyokufanyia wewe. Jibu lake ndilo hilo la mcheza kete: nimepewa haya kwa ajili ya ilimu niliyo nayo. Wengi hukumbuka tu kwamba ardhi ilimmeza. Maalimu wangu alikuwa akituwekea kidole kwenye lile neno la "ilimu niliyo nayo", asituruhusu kuendelea mpaka tulirudie.

Mleta mada, nikuulize bila nia mbaya. Ulipopata, ulikuwa ukiwaambia watu umepata vipi?

#11 Kinywe Mweusi

Mtu wa Pwani, umegonga penyewe.

Mwaka wa kwanza nilikuwa nasema "Mungu kanionea huruma". Wa pili, "nilivumilia". Kufika wa tatu kijana akija kuomba mtaji nampa hotuba: nilijituma, nilijinyima, nyinyi mnapenda vya mteremko. Hotuba ndefu kweli, mke wangu alikuwa anatoka nje.

Ukweli ni huu. Jirani na shimo letu, si mbali, unasikia baruti zao, kulikuwa na wenzetu sita. Walizama miaka mingi kuliko mimi. Walijinyima kuliko mimi, wawili kati yao hawakuwahi hata kuonja bia. Hawajatema mpaka nilipoondoka. Mwamba ulipita kwetu haukupita kwao, ndiyo habari yote. Na mmoja wao alikuja kwangu 2014 kuomba nauli ya kurudi Singida. Nilimpa. Lakini kwanza nilimpa ile hotuba.

Alinisikiliza mpaka mwisho amekaa ukingoni mwa kochi, kofia kwenye magoti. Miaka ile ya shimoni ningejua anawaza nini. Siku hiyo niliona mtu anasikiliza.

#12 Mzee wa Fact

Sawa nimerudi. Si chai. Samahani mkuu.

Lakini mbona Saniniu Laizer, yule bilionea wa tanzanite, hakubadilika? Juni 2020 aliiuzia serikali mawe mawili, moja kilo 9 na ushei, jingine kilo 5 na ushei, akapokea bilioni 7.74. Agosti akarudi na jingine la kilo 6.3, bilioni 4 na kitu. Na ni mchimbaji mdogo wa hapo hapo Simanjiro, wilaya yenye Mererani. Akasema atajenga shule kwao na maisha yataendelea. Si kila aliyepata anaota pembe.

#13 Mama Wawili

Mzee wa Fact, Laizer kabla ya mawe alikuwa na ng'ombe zaidi ya 2,000, wake wanne na watoto zaidi ya thelathini. Huyo ni maskini wa wapi? Alikuwa ameshazoea kuombwa, kugawa na kukataa kabla hajaona bilioni. Mleta uzi miaka 28 alikuwa hajawahi kukataa mtu kitu, kwa sababu hakuwa na cha kukataa. Kukataa nako kunajifunzwa. Ukikujifunza ukubwani, siku moja, kwa watu mia, lazima utumie mdomo vibaya.

#14 Kinywe Mweusi

Dada, hiyo ya kukataa nimeisoma mara tatu.

#15 Fundi Bomba Mbezi

Mimi niwatetee kidogo wenye nazo, maana naingia majumbani kwao kila siku. Mnawasema mageti, mbwa, walinzi. Mmesahau Oktoba 2018? Bilionea Mo Dewji alitekwa asubuhi akienda mazoezi, zaidi ya wiki moja nchi nzima haijui aliko mpaka alipopatikana. Baada ya pale nilipata kazi kibao za kusogeza mabomba kwa sababu watu walikuwa wanapandisha kuta. Mtu anaogopa. Na mtu anayeogopa ukimwangalia kwa nje anafanana sana na mtu mwenye dharau.

Kuna mama mmoja huwa namtengenezea tangi. Tajiri haswa. Geti linafunguliwa na mlinzi, mlango na dada, jikoni kuna mpishi. Anaponiona mimi chini ya sinki anakuja anakaa kwenye stuli ananisimulia habari za watoto wake walioko Canada, saa nzima. Mara ya kwanza nilidhani ananichunga nisiibe. Siku hizi najua koki nyingine hazijaharibika.

#16 Kipanya wa Tegeta

"Koki nyingine hazijaharibika." Fundi, acha mabomba uandike.

#17 Mkwe wa Moshi

Mimi nipo upande wa yule kijana wa uzi wa jana, tusijifanye watakatifu hapa. Nina kaka wa hivyo. Alipopata tenda ya kwanza alituita wote tukala. Ya pili akaita nusu. Sasa hivi ukitaka kumwona unapitia kwa dereva wake, na dereva ananiuliza "shida yako nini" wakati tumenyonya ziwa moja. Mleta uzi unaandika vizuri, unaliza watu, lakini unaongelea habari yako wewe tu. Bati je? Bati alijisikiaje pale stendi?

#18 Kinywe Mweusi

Mkwe, swali zuri kuliko yote humu, na nimekaa tangu mchana nikilizunguka.

Nilimwuliza. Si zamani, mwaka jana. Nilitaka kumwomba radhi kwa lile la stendi, nimejiandaa na maneno. Akasema stendi haikumbuki kabisa. Anachokumbuka yeye ni kwamba 2013 mkewe alijifungua kwa upasuaji, na mimi nililipa gharama zote kabla hajaomba, kisha sikwenda kumwona mtoto. Akasema alikaa wiki mbili ameweka kuku bandani wa kunichinjia. Mwisho wakamla wenyewe. Mtoto yule ana jina langu. Nilikuwa sijui.

Siku nikilipa ile bili nilijihesabia nimefanya jambo kubwa. Kwenye hesabu zake yeye, kuku ndiye aliyebaki bila kulipwa.

#19 Babu Kijiweni

Kahawa imepoa. Nimesoma hiyo ya kuku nikanyamaza.

#20 Mpenda Takwimu

Mkuu, swali la mwisho nikalale. Sasa hivi hela ipo? Na kama imeisha, ule usomaji wako wa watu umerudi?

#21 Kinywe Mweusi

Ipo ya kula. Nyumba nimepangisha, nimerudi milimani, nalima tangawizi na maharage. Fuso niliuza kama vyuma.

Usomaji haurudi wenyewe, mkuu. Mwezi uliopita mkopo wa mbolea ulinikwama, nikaenda kumkopa mwenye duka la pembejeo. Nilimkuta amenuna, nikamkopa hivyo hivyo, akaninyima. Yule kijana wa Mererani asingefanya kosa hilo.

Jumamosi ilikuwa msaragambo wa ndiva. Nilidamka, nikachukua jembe la marehemu baba, nikashuka. Mwenyekiti aliponiona natokea mgombani akaacha alichokuwa anafanya, akafungua mkoba wake akatoa kitabu cha risiti na kalamu, akaandika jina langu kabla sijafika. Nikamwambia sijaja kulipa. Akalitazama jembe, akatazama viganja vyangu, watu wamesimama wananiangalia. Kisha akanipanga upande wa akina mama na watoto, kubeba majani.

Nimebeba majani mpaka saa saba.